Chatu Asiyetumwa na Mtu

Siku ya Mungu, 3 Oktoba 1954

Masista walitufundisha kuweka tarehe kwanza, ndipo maneno. Tarehe nimeweka. Maneno ni haya: mvua imeanza, na mbuzi wa Pulchérie amepotea.

Pulchérie ni jirani yangu, mlango wake unatazama wetu. Amelia tangu asubuhi kama aliyefiwa, nami sikumcheka, maana mbuzi yule alikuwa na mimba. Mara ya mwisho alionekana jana akishuka Mabwe.

Mabwe ni korongo letu, chini ya kijiji. Mwamba huku, mwamba kule, maji yanapita katikati na kuacha madimbwi ndani ya jiwe. Kila mwanamke ana dimbwi lake. Humo tunalowanisha muhogo siku tatu au nne, tumeukandamiza kwa mawe, kisha tunaumenya palepale, maana ganda linatoka lenyewe. Muhogo tunapanda nao, maganda tunayaacha juu ya jiwe. Mama zetu walifanya hivyo. Mwanamke anayebeba mpaka maganda anaitwa mchoyo, eti hataki hata maji yabaki na kitu.

Mchoyo wetu ni mmoja tu, Mama Adolphine. Ni mjane wa baba mkubwa wa mume wangu Norbert. Leo tena amepanda na maganda yake, na bamama wakamwimbia wimbo wa panya anayeficha chakula. Mimi niliitikia kidogo. Halafu nikaona aibu, kwa sababu ndiye aliyempokea binti yangu Bahati miezi saba iliyopita, alipotoka na kitovu kimemzunguka shingo.

5 Oktoba

Mvua. Bahati ana jino.

11 Oktoba

Beberu wa Kapita Alphonse hayupo. Yule mwenye ndevu ndefu aliyekuwa akipiga kichwa milango ya watu. Kapita ni mkuu wetu wa kijiji. Ndiye anayepima mashamba ya pamba na kuandika majina ya watu wa kazi ya barabara, kwa hiyo mbuzi wake akipotea ni msiba wa wote. Wanaume walishuka Mabwe na mikuki. Hawakuona damu, hawakuona mfupa, hawakuona hata unyoya mmoja.

"Chui inaachaka damu," alisema Norbert.

"Na mwizi?"

"Mwizi inaachaka mulango wazi. Hapa mulango ni wapi?"

Walirudi wakinong'ona. Mimi niliuliza kama wameangalia chini ya mawe makubwa. Waliniambia niangalie sufuria yangu.

14 Oktoba

Nimepalilia pamba ya serikali kutwa nzima, Bahati mgongoni. Mwaka huu pamba imefika mpaka pale mbuzi walipokuwa wakila majani. Mbuzi akiingia ndani ya pamba, jina la mwenye mbuzi linaandikwa. Basi mbuzi waende wapi? Hakuna anayeuliza.

19 Oktoba

Leo nimeona ngozi. Si mnyama, ngozi tupu aliyoivua, imenasa kati ya mawe mawili juu ya dimbwi langu. Nyepesi kama karatasi ya sigara. Nililaza kikwembe changu kando yake ili nipime: kikwembe kiliisha, na ngozi ilikuwa inaendelea. Nikakitandaza tena kutoka pale kilipoishia, kikaisha mara ya pili, na ngozi bado.

Kila siku nilikuwa namlaza Bahati juu ya jiwe lile lile wakati namenya. Nilipofikiri hivyo nikamfunga mgongoni, nikakaza fundo.

Nilipanda na kusema wazi mbele ya watu: "Ni chatu. Ni chatu tu, nyoka mkubwa, amezaliwa kwenye yai kama nyoka wote."

Kapita Alphonse alinitazama kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko kofi. "Mama Bahati, chatu tunaijua. Baba yangu aliua mbili. Lakini chatu ya pori haichagui. Hii iko inachagua."

"Inachagua nini?"

Alielekeza mdomo wake barabarani. Pale mbuzi jike wa Mama Adolphine alikuwa anatafuna kamba yake, mnene, anang'aa.

Leo jioni mbuzi wa katekista naye hakurudi.

Siku ya Mungu, 24 Oktoba

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Baada ya sala Kapita aliita barza. Alisimama katikati na kofia yake ya kazi, akauliza watu kama katekista anavyouliza watoto.

"Mbuzi ya Pulchérie iko?"

"Hakuna!"

"Ya mi mwenyewe?"

"Hakuna!"

"Ya katekista?"

"Hakuna!"

"Ya Adolphine?"

"Iko!"

"Inanenepa?"

"Inanenepa!"

"Basi mi niongeze nini?"

Watu walimgeukia Mama Adolphine. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, kama mtu anayesubiri muhogo uive. Akasema, "Ongeza hii: mbuzi yangu iko na akili kupita yako."

Wengine walicheka. Hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu Kapita anaweza kusamehe nyoka lakini hasamehi kicheko. Akasema nyoka huyu ametumwa. Akasema mjane asiye na mtoto anatafuta kitu cha kufuga, na kila mtu ajue anafuga nini. Akasema mama huyu ahame ndani ya siku tatu, vinginevyo yeye hatajibu kwa kitakachotokea.

Pulchérie, ambaye Mama Adolphine alimkanda tumbo siku mbili usiku kucha alipozaa, alipiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu.

Nikasimama. Bahati alikuwa ananyonya, sikumtoa. "Huyu mama alipokea batoto yenu yote, moja moja, kwa mikono yake. Kama iko mubaya, angeanza na batoto. Juu ya nini aanze na mbuzi?"

Kapita hakunitazama mimi. Alimtazama mume wangu. "Norbert, bibi yako iko na mabele inje na mudomo inje. Mwambie afunike kimoja."

Walicheka mpaka wengine walipiga magoti. Hata bamama. Nilimtazama Norbert. Norbert alikuwa anatazama vidole vya miguu yake kama vile vimeota leo.

25 Oktoba

Sikusema naye. Nimempikia bukari, ugali mtupu, bila mboga.

27 Oktoba

Leo wamemtoa.

Kapita alituma watu wawili kuvitoa vitu vyake nje. Mmoja ni Henri, mdogo wake Kapita, na huyo simlaumu, amezaliwa hivyo. Wa pili ni Norbert. Norbert wangu, ambaye Mama Adolphine alimlisha kwa kijiko chake mama yake alipokufa. Nilimwona akiinama mlangoni, akatoka na mkeka wa Mama Adolphine begani. Akauweka barabarani, ndani ya matope. Akarudi. Akatoka na chungu. Henri alitupa kinu, kikavunjika mdomo.

Mvua ilikuwa inanyesha na kijiji chote kilikuwa milangoni, kikavu.

Mama Adolphine hakulia. Alifunga mzigo wake polepole. Alipofika kwangu alinipa kamba ya mbuzi wake mkononi. "Huyu hatafika Baraka, kwato yake inauma. Mulinde. Huyu hajuaka Mabwe. Chakula yake ni maganda, nilikuwa nabeba kila siku. Usimwache ashuke."

Kisha akamshika Bahati kidole cha mguu, akaondoka na njia ya Baraka, mji ulio kando ya ziwa.

Jioni Norbert alisema kabla sijamuuliza: "Kama nakataa, kesho jina yangu iko kwa barabara ya Lulimba, mbali kule, miezi tatu. We na mutoto mutabaki na nani?"

Nikamwambia, "Tungebaki na Mama Adolphine."

30 Oktoba

Nabeba maganda kwa ajili ya mbuzi. Sasa wimbo wa panya wananiimbia mimi.

2 Novemba

Mbuzi mwingine amepotea, wa mke wa Henri. Mama Adolphine hayupo siku ya sita leo. Nilisimama mlangoni nikangoja mtu ajiulize. Hakuna aliyejiuliza. Wanasema amemwacha nyoka nyuma kwa hasira. Kumbe akiwapo ni yeye, asipokuwapo ni yeye! Mtu wa namna hiyo angeishije ili awe hana kosa?

4 Novemba

Nitaandika yote, hata kama mafuta ya taa yataisha.

Asubuhi nilishuka Mabwe na Pulchérie. Hatuongei sana siku hizi, lakini hakuna mwanamke anayeshuka peke yake tena. Mvua ilikuwa imekatika na mawe yalikuwa yanatoa moshi kwa jua. Nilimfunga Bahati mgongoni kwa vikwembe viwili. Nikamenya, maganda yangu ndani ya kitunga. Pulchérie akamenya, maganda yake juu ya jiwe, na ya jana yalikuwapo bado, na ya juzi ya wengine, lundo jeupe.

Tulikuwa tumeshapanda hatua kama thelathini, tukaketi tupumzike. Hapo ng'ambo akatokea pongo dume. Mwekundu, madoa meupe ubavuni, pembe zimejipinda. Alisimama, akanusa, akashuka jiwe kwa jiwe kwa adabu kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Akafika kwenye maganda ya Pulchérie. Akaanza kula.

Sikumwona chatu akitoka. Naapa nilikuwa natazama pale pale. Nilichoona ni jiwe likitembea. Mara kichwa kilikuwa kimeshauma shingo ya pongo, na mwili ukaja nyuma yake ukizunguka, mara moja, mara mbili, mara tatu, mnene kama paja la mwanaume. Pongo alilia sauti moja, kama mbwa anayebweka. Kisha alikuwa anajaribu kuvuta hewa, na kila akitoa hewa yule alikaza, na hewa nyingine haikuwa na pa kuingilia. Miguu ilipiga. Miguu ikaacha.

Pulchérie alinishika kikwembe. "Tukimbie."

"Hapo mbele njia inapinda na kupita juu ya mwamba wake. Kaa kimya."

Tulikaa. Chatu alilegeza, akamlamba pongo kwa ulimi wake, akatafuta kichwa. Nilidhani pembe zitamshinda. Hazikumshinda. Taya zilifunguka kupita upana wa kichwa chake chenyewe, na alianza kujivuta juu ya mnyama kama mtu anavyovaa soksi, polepole, akipumzika, akijivuta. Kichwa kiliingia. Mabega yalichukua muda mrefu kuliko misa. Bahati aliamka akacheka peke yake mgongoni, nikamziba mdomo kwa kidole, akaking'ata kwa jino lake.

Na wakati wote huo nilikuwa nafikiri jambo moja. Pongo yule alishuka kufanya nini? Maji? Maji yako kila mahali sasa, kila jani lina maji. Hakushukia maji. Alishukia maganda. Na mbuzi, ambao hawana majani tena kwa sababu ya pamba, wanashukia nini? Na kwa nini mbuzi wa Mama Adolphine hakushuka hata siku moja?

Nilimgeukia Pulchérie. "Ni sisi," nilimwambia. "Tunamwandalia meza."

Hakuelewa. Nikaonyesha lundo. Akatazama lundo, akatazama kitunga changu. Nikaona inamwingia. Akaketi chini kabisa, akafunika uso wake na kikwembe.

"Nilipiga makofi," alisema. "Marthe, mi nilipiga makofi."

Nilitaka kumwambia usijali. Sikumwambia.

5 Novemba

Wanaume wameshuka na mikuki, na bamama nyuma, ingawa tulikatazwa. Chatu alikuwa pale pale, tumbo limetutumka, hawezi kwenda. Henri alirusha jiwe. Wengine wakarusha. Chatu alipoona hivyo akaanza kumrudisha pongo, akamtapika mbele ya macho yetu sote, miguu kwanza, ameloa ute na mifupa imelegea, pembe zikatoka mwisho. Harufu sitaiandika. Halafu akiwa mwepesi tena akaingia chini ya mwamba mkubwa kama uzi unavyoingia tundu la sindano, na mkuki hata mmoja haukumpata.

Kapita alisafisha koo. "Munaona. Adolphine alimuacha hapa afanye kazi yake."

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, lakini Pulchérie alinitangulia.

"Kapita, hii pongo ni ya nani?"

"Ya nani namna gani? Ni ya pori."

"Alimukosea Adolphine nini?"

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Alimuiba? Alimutukana kwa barza? Ama na yeye alipiga makofi?"

Walianza kucheka. Safari hii kicheko kilikwenda upande mwingine, na niliona Kapita akikitafutia mahali pa kukiweka. Nikasema habari ya maganda, yote, polepole, kama kwa watoto. Nikasema mbuzi mnaowalilia mliwatuma wenyewe, na sisi bamama tuliwatandikia. Katekista alikuna kichwa. Norbert aliinama, akaokota ganda moja, akaligeuza mkononi kwa muda mrefu.

8 Novemba

Tumeanza kubeba maganda. Yana maji, ni mazito, mgongo unauma, na kila mtu analalamika. Hakuna anayeimba panya.

Siku ya Mungu, 14 Novemba

Kapita ametangaza sheria baada ya sala. Maganda yote yabebwe nyumbani, ganda moja likionekana juu ya jiwe, mwenye dimbwi atakwenda barabarani siku mbili. Alisema ameifikiria sheria hii mwenyewe, usiku, kwa kupenda watu wake. Watu waliitikia ndiyo, Kapita.

Ameifikiria mwenyewe!

Jina la Mama Adolphine hakulitaja. Hakuna aliyelitaja. Hakuna mbuzi aliyepotea siku kumi na mbili, wote wanafurahi, na nyumba yake mlango uko wazi na kuku wa Henri wanataga ndani.

16 Novemba

Nimekwenda Baraka. Niliondoka kabla ya jua, Bahati mgongoni, nikafika jua likiwa kichwani.

Mama Adolphine yuko kwa Latifa, mwanamke Mwislamu anayekausha ndagala ufukoni. Alimpokea bila kumuuliza alifukuzwa kwa nini. Nilimkuta anageuza samaki juu ya mchanga na fimbo ndefu, amekonda, mikono ina magamba mpaka kiwiko. Alimchukua Bahati kabla ya kunisalimu.

Nilimweleza yote. Pongo, maganda, sheria ya Kapita. Latifa alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo choyo yako ndiyo iliokoa kijiji, dada!"

Mama Adolphine hakucheka. "Mi sikujua ile mambo ya chatu," alisema. "Nilikuwa nabeba maganda juu mbuzi yangu ni moja. Basi."

"Turudi, Mama Mkubwa. Kila muntu anajua sasa."

"Wanajua. Nani alikutuma?"

Nikainama, nikageuza samaki mmoja kwa kidole.

"Nilitoka mchana, bote banaona. Sitarudi kwa kuchungulia kama muntu aliiba. Mikono ilitoa bintu yangu kwa mulango, ile mikono irudishe kwa mulango."

Aligeuza safu nyingine ya samaki. "Na Norbert," alisema bila kuinua kichwa, "anakulaka vizuri?"

17 Novemba

Nimemwambia Norbert maneno yale, neno kwa neno. Alisema, "Unataka banaume banicheke barabara yote?" Nilimjibu kwamba mimi walinicheka na sikufa. Akatoka nje, akakaa chini ya mvua kama mjinga.

21 Novemba

Mvua. Kamio, lori la pamba, imekwama kwenye kilima.

24 Novemba

Norbert hayuko. Jembe lake la barabara ya hapa kijijini limeegemea ukuta. Henri amekuja kuuliza mara mbili kwa nini hakwenda kazini. Nikasema sijui, na kweli sijui.

25 Novemba

Nilikuwa naanika muhogo, karibu saa sita mchana, nikasikia watoto wanapiga kelele barabarani.

Alikuwa Norbert. Alikuwa amebeba kitunga cha Mama Adolphine, chungu na mkeka na furushi la ndagala juu yake, na alikibeba kama sisi wanawake, ukanda kwenye paji la uso, kiuno kimeinama, mikono imeshika ukanda kando ya masikio. Sijawahi kuona mwanaume wa kijiji hiki akibeba hivyo. Angeweza kuweka mzigo begani. Mama Adolphine alikuwa nyuma yake, mikono mitupu, anatembea katikati ya barabara.

Wanaume walitoka. "Mama Norbert, jambo!" "Nani alikuoa?" "Utazaa lini?" Mwingine alimpigia vigelegele vya bibi arusi. Norbert hakuinua kichwa. Ukanda haumruhusu mtu kuinua kichwa.

Kapita Alphonse alikuwa mbele ya nyumba yake. "Norbert. Jana haukuonekana kwa kazi."

Norbert alisimama. Jasho lilikuwa linadondoka kutoka puani. "Ni mi nilitoa," alisema. "Ni mi narudisha. Niandike kwa Lulimba kama unataka, niko hapa."

Kapita alitazama barabara, upande mmoja, halafu upande mwingine, kama anayesubiri kamio. Pulchérie alikuwa amekwisha kuingia nyumba ya Mama Adolphine na ufagio, kuku wa Henri wanaruka nje. Watu walisubiri Kapita aseme. Akaingia nyumbani mwake. Sijui kama jina la Norbert liko kwenye karatasi au haliko. Tutajua siku ya kwanza ya mwezi, majina yakisomwa.

Msamaha hakuna aliyeuomba. Naandika hapa ili ijulikane: hakuna hata mmoja.

Norbert aliingia na kitunga. Akatoa chungu, akakiweka kwenye mafiga. Akatoa mkeka, akautikisa matope yaliyokaukia tangu ile siku, akautandika chini kando ya ukuta. Mama Adolphine alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

"Mukeka haukuwa huko," alisema. "Ulikuwa upande huu."

Norbert akauokota tena, akautandika upande ule.